Laptopu inakufa ikiwa imelala, na ekra ya nje inazidisha. Mnisaidie kabla sijaiformati

SekretariaKasapa, Lubumbashi

Jambo yenu bakubwa na badogo. Nitaandika kirefu, maana mafundi wawili wa mjini wamesikiliza nusu ya maneno yangu, kisha kila mmoja akanipa dawa yake.

Nina sekretaria kando ya njia ya Kasapa. Nachapa TFC na memwari (kazi za kumaliza masomo) za wanafunzi, napanga kurasa, naprinta, nafunga spirali. Ekra (skrini) mbili kwangu si anasa. Kwenye moja nafungua picha za daftari la mwanafunzi, kwenye nyingine Word. Mwandiko wa mwanafunzi wa udaktari ukiubana kwenye nusu ya ekra ya inchi 14, jina la dawa linapotea herufi moja na linakuwa dawa nyingine. Sikubali kazi yangu itoke hivyo.

Mashini ni laptopu ya okazio (iliyokwisha tumika), Windows 11 ya Kifaransa, RAM 16. Nimeiunga na doki ya USB-C. Doki inapokea shajeri ya wati 65, inatoa HDMI ya ekra ya nje, ina matundu ya USB na tundu la waya wa mtandao.

Shida yenyewe: nikifunga kifuniko niende kununua karatasi au kupokea mteja, nikirudi nakuta moja kati ya mambo mawili. Mara nyingine ekra zote mbili ni nyeusi, feni inazunguka, hakuna kinachojibu, na mwishowe nafinya kitufe cha kuwashia mpaka izime. Mara nyingine nakuta imeshajiwasha upya yenyewe, iko kwenye ukurasa wa neno la siri, na Word inaniuliza kama nataka kurudisha dokima iliyopotea. Siku moja nilikuwa mbele yake ikatoa ekra ya buluu yenye maneno DRIVER_POWER_STATE_FAILURE.

Bila doki inalala na kuamka vizuri. Jioni ndiyo mbaya kabisa, pale kuranti (umeme) inaposhuka na stabilizatere, kile kifaa cha kusawazisha umeme, inaanza kupiga tak, tak.

Fundi wa kwanza anataka kuformati. Wa pili anasema karti mama (motherboard) imekufa, ninunue mashini ingine. Nimeshabadili waya wa HDMI, nimeshaweka masasisho (mise à jour) yote ya Windows. Wanafunzi wanakaribia kutetea memwari zao. Mwanafunzi akikutazama usoni huku kurasa zake za jana hazipo, huna la kumwambia. Naomba mtu anionyeshe namna ya kujua ukweli, ni programu au ni chuma?

mtoto_wa_Katuba

Mama, format tu. Mimi yangu ilikuwa hivyo, nikaweka Windows mpya, ikapona.

Fundi_Kamalondo, Lubumbashi

Mama, usiformati. Ukiformati unafuta ushahidi, na siku utakapochomeka doki Windows Update itakushushia draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa) zile zile tena. Mdogo wangu wa Katuba ninamheshimu, lakini hatujui yake ilikuwa na ugonjwa gani.

Umeeleza magonjwa mawili. Mashini inayojiwasha upya yenyewe imeanguka kweli. Mashini iliyo nyeusi huku feni inazunguka inaweza kuwa mzima kabisa, ila picha inatumwa pahali ambapo hakuna macho. Kwako yote mawili yanatoka baada ya usingizi, ndiyo maana unayaona kama kitu kimoja.

Windows inaandika kila kifo chake. Fungua "Observateur d'événements", ingia "Journaux Windows", halafu "Système". Tafuta mistari ya Kernel-Power yenye namba 41. Watu wanaogopa hiyo 41 na kuitafuta kwenye intaneti usiku kucha, wakati yenyewe inasema jambo moja tu: mashini iliwaka bila kuwa imezimwa vizuri. Haisemi kwa nini. Sababu unaitafuta kwenye "Détails". Niletee vitu vitatu kwa kila 41: BugcheckCode, BugcheckParameter1, na PowerButtonTimestamp.

Pia andika kwenye "Invite de commandes":

powercfg /a

Utuambie usingizi gani mashini yako inaujua.

Halafu swali ambalo hakuna aliyekuuliza: printa yako ni ya leza? Na iko kwenye ralonji (waya wa kurefusha umeme) gani?

Topo_Kolwezi

Nadhani ni ule usingizi mpya wa S0. Hata mimi ulinisumbua: naweka laptopu kwenye mfuko mjini, nafika karyeri (mgodini) nakuta imechemka na batri imeisha. Kuna namna ya kuuzima kwenye rejista (daftari la mipangilio ya Windows), unaweka PlatformAoAcOverride kuwa 0, inarudi kwenye usingizi wa zamani wa S3.

Fundi_Kamalondo

Ndugu wa Kolwezi, hiyo usimpe mtu kabla hajaonyesha powercfg /a. S3 ni kitu cha BIOS, ile programu ya ndani ya karti mama. Kama mtengenezaji hakuiweka, ukizima S0 hairudi S3, unabaki bila usingizi wowote. Kuhusu mfuko uko na haki: kwenye S0 mashini haizimi kabisa, inabaki macho nusu, inaweza kuamshwa na mtandao au kifaa. Mashini inayoingia mfukoni ipewe "veille prolongée", ambapo RAM yote inaandikwa kwenye diski na umeme unakatwa.

SekretariaKasapa

Papa fundi, aksanti kwa kunisoma mpaka mwisho.

powercfg /a inasema "Veille (S0 faible consommation d'énergie)" na veille prolongée. S3 inasema haipo, mikroprogramu haiikubali. Basi hiyo ya rejista sitaigusa.

Mistari ya 41 iko mingi, nimeipitia yote na kalamu. Iko aina mbili, hakuna ya tatu. Aina ya kwanza: BugcheckCode 159, BugcheckParameter1 0x3, PowerButtonTimestamp 0. Aina ya pili: BugcheckCode 0, na PowerButtonTimestamp ni tarakimu ndefu sana. Saa za aina ya pili nyingi ni za jioni.

Printa ni ya leza, ndiyo. Iko kwenye ralonji ile ile moja na doki, ekra na shajeri. Stabilizatere ni moja kwa vyote.

Fundi_Kamalondo

Mama, umefanya kazi ambayo mafundi wawili hawakuifanya. Sasa tusome.

159 ni namba ya kawaida; ukiiandika kwa hesabu ya 16 inakuwa 9F. Na 0x9F ndiyo ile DRIVER_POWER_STATE_FAILURE uliyoiona kwenye ekra ya buluu. Parameter1 ikiwa 0x3, maana yake: Windows iliamuru vifaa vyote vilale au viamke, kifaa kimoja kikashikilia amri bila kujibu, Windows ikangoja, ikachoka, ikaanguka. Kwa hiyo hapo kuna draiva moja yenye kosa. Karti mama haijafa.

Aina ya pili, yenye 0 na tarakimu ndefu: hakuna kuanguka kulikoandikwa. Tarakimu ndefu ni saa ya kitufe cha kuwashia kufinywa. Ni kidole chako, mama, ulipoizima kwa nguvu kwa sababu ya weusi. Mashini ilikuwa hai mpaka dakika hiyo.

Ikikuwia nyeusi tena, usikimbilie kitufe. Kwanza finya Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, Windows inakusikia. Kisha finya Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Hiyo inaanzisha upya draiva ya picha bila kugusa dokima zako. Mara nyingi utasikia mlio mfupi na ekra itapepesa. Isipotoa kitu, chomoa doki, fungua kifuniko, ngoja kidogo. Word inabaki na kazi yako yote.

Ugonjwa wa kwanza tunatafuta jina la draiva. Angalia C:\Windows\Minidump, pale Windows inapoweka faili ya kila kuanguka, iko faili?

mwalimu_info_Bukavu

Yaya, samahani naingilia, nafundisha informatiki huku Bukavu na nimekutana na 9F nyingi kwenye sali yetu ya mashini.

Utashauriwa kusoma faili hizo kwa programu ya BlueScreenView kwa sababu ni ndogo na haili mega za intaneti. Ni nzuri, lakini kwa 9F mara nyingi itapaka rangi ya waridi ntoskrnl.exe. Huyo si mwizi. Ntoskrnl ndiyo moyo wa Windows. Ndiyo iliyokuwa inangoja, ndiyo iliyopiga kelele. Watu wanasoma jina hilo, wanasema "Windows imeharibika", wanaformati. Hapo ndipo mashini nyingi nzuri zinauzwa kwa bei ya bure.

Njia ya kweli ni WinDbg, programu ya Microsoft ya kuchunguza faili hizo. Fungua faili ya minidump, andika !analyze -v, chukua anwani iliyo kwenye parameta ya nne, andika !irp na anwani hiyo. Inakuonyesha amri iliyokwama na draiva iliyoishikilia. Kama kupakua WinDbg ni ghali kwako, nitumie faili mbili tatu kwenye ujumbe wa siri nikusomee. Minidump si nakala ya RAM nzima, haibebi memwari za wateja wako, lakini hata hivyo usiiweke hapa mbele ya kila mtu.

SekretariaKasapa

Zipo. Nimekutumia, mwalimu. Mungu akubariki.

mwalimu_info_Bukavu

Nimezifungua. Zote zinamtaja mmoja: draiva ya karti ya mtandao. Si Wi-Fi ya laptopu. Ni karti ya waya iliyo ndani ya doki, lile tundu la waya wa mtandao. Kwa Windows ni kifaa cha USB kama kingine, na kila mara mashini inapolala kinaombwa kulala nacho. Kinakataa.

Yaya, tundu hilo unalitumia?

SekretariaKasapa

Hapana! Halijawahi kuingia waya hata siku moja. Intaneti yangu ni ya simu, nafungua partaji na mashini inashika kwa Wi-Fi. Kumbe kitu nisichokitumia ndicho kinaniangusha.

mwalimu_info_Bukavu

Basi ni rahisi. Doki ikiwa imechomekwa, fungua "Gestionnaire de périphériques", "Cartes réseau". Utaona karti ya Wi-Fi na nyingine yenye neno USB na GbE au Ethernet. Hiyo ya USB, finya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Désactiver l'appareil". Usiifute, maana ukiifuta itarudi ukichomeka tena. Ikizimwa inabaki imezimwa.

Kwa wengine wanaosoma na wanaotumia waya: msiizime. Tafuteni draiva mpya ya mtengenezaji wa chipu, au kwenye kichupo cha "Gestion de l'alimentation" muondoe alama kwenye mstari unaoruhusu ordinatere kuzima kifaa ili kuokoa umeme. Hiyo ya pili inasaidia mara nyingine tu.

Fundi_Kamalondo

Sawa kabisa, mwalimu. Mama, fanya hilo peke yake kwanza. Usibadili kitu kingine mpaka umeona 159 zimekwisha, la sivyo hutajua dawa gani ilifanya kazi.

Nikuambie kuhusu printa, wakati unangoja. Printa ya leza ina kipande kinachochemshwa ili unga ushike kwenye karatasi. Kila kinapochemka kinavuta umeme mwingi kwa ghafla. Jioni, mtaa mzima ukiwa unapika, kuranti tayari iko chini. Printa ikivuta, inashuka zaidi, stabilizatere inaruka kutoka hatua moja hadi nyingine. Ule mlio wa tak ni rele (swichi ya ndani) ikibadilisha hatua, na wakati wa kubadilisha umeme unakatika kwa kipande kidogo sana cha sekunde. Laptopu yenyewe haijali, shajeri imeandikwa volti 100 hadi 240, na ndani ya mashini kuna batri. Lakini doki haina batri, ekra haina batri. Doki ikipepesa, kwa Windows ni kama umechomoa ekra, kipanya na kila kitu, ukavirudisha palepale. Kifuniko kimefungwa, picha ilikuwa kwenye ekra ya nje peke yake, ekra ya nje imepotea: picha iende wapi?

Nadhani ndiyo maana weusi wako ni wa jioni. Ni dhana, mama. Tuipime. Siku mbili tatu, chomeka printa kwenye tundu lingine la ukuta, mbali na stabilizatere ya doki.

SekretariaKasapa

Narudi na habari, naomba mnisamehe kukawia, ni majira ya kutetea na watu wanalala mlangoni.

Karti ya mtandao ya doki nimeizima kama mwalimu alivyosema, na sikugusa kitu kingine. Tangu hapo hakuna 159 hata moja. Nafungua kifuniko, kazi iko palepale nilipoiacha. Siwezi kuwaeleza furaha yangu.

Weusi ulibaki. Nikafuata ya papa fundi: nilikuwa naprinta memwari nene ya mwanafunzi wa jiolojia, kifuniko kimefungwa, naitazama ekra ya nje. Stabilizatere ikapiga tak, ekra ikazima. Caps Lock ikawaka. Nikafinya vile vitufe vinne, ikapepesa, ikabaki nyeusi. Nikachomoa doki, nikafungua kifuniko, na Word ikawa mbele yangu na kila neno. Zamani ningekuwa nimeshaizima.

Printa sasa iko kwenye tundu la ukuta wa upande wa pili. Weusi umepungua sana, lakini haujakwisha. Sasa unakuja mashini ikiwa imelala muda mrefu, hata mchana, hata kuranti ikiwa nzuri. Ekra ya nje inaandika haina signali, inazima.

Fundi_Kamalondo

Huo wa kubakia ni wa ekra yenyewe. Ingia kwenye menyu yake kwa vile vitufe vya chini. Tafuta kama kuna "Deep sleep" au neno la kuokoa umeme, uzime. Tafuta pia uchaguzi wa chanzo cha picha: kama ni "Auto", uweke HDMI moja kwa moja. Baadhi ya ekra zikilala sana zinaacha kujibu kwenye waya, mashini ikiamka inauliza "uko?" na haisikii kitu, inaamua hakuna ekra. Na zikiwa kwenye "Auto" zinazunguka kutafuta VGA, DisplayPort, HDMI, zinachelewa kurudi.

Halafu panga kifuniko. "Panneau de configuration", "Options d'alimentation", "Choisir l'action qui suit la fermeture du capot". Kwenye safu ya umeme uweke "Ne rien faire". Kwenye safu ya batri uweke "Mettre en veille prolongée". Na kwenye batri, ikikaa bila kazi robo saa, iingie veille prolongée yenyewe. Hapa kwetu kuranti inaondoka bila kuaga. Ikiondoka kifuniko kimefungwa na wewe uko sokoni, mashini isibaki inakula batri mpaka ife na kurasa za mtu ndani.

Topo_Kolwezi

Hilo la kifuniko nimelifanya leo kwenye yangu. Mfukoni ilikuwa baridi.

Mama, ukipata pesa nunua ondulere (UPS, kifaa chenye batri cha kushikilia umeme ukikatika) ndogo, uweke doki na ekra pale.

Fundi_Kamalondo

Naunga mkono, na stabilizatere ikae mbele ya ondulere, kati yake na ukuta. Ila printa ya leza isiingie kwenye ondulere hata kidogo, hasa kwenye matundu ya batri. Ile mvuto yake ya kuchemka inazidi nguvu ya ondulere ndogo, itapiga kelele na kuzima vyote pamoja.

ndugu_wa_Birere, Goma

Naomba nichomeke swali langu hapa. Mimi natumia Linux, laptopu yangu ikilala na ekra ya nje inaamka nyeusi vilevile. Mambo ya Observateur sina.

mwalimu_info_Bukavu

Jirani, andika cat /sys/power/mem_sleep. Utaona s2idle na pengine deep, moja ikiwa ndani ya mabano ya mraba. Hiyo ndiyo inayotumika. Kama deep ipo, jaribu kuwasha na mem_sleep_default=deep kwenye mstari wa kerneli. Kama haipo, BIOS yako haina S3, ni kama ya yaya hapa. Kisha baada ya weusi na kuwasha upya, journalctl -b -1 inakuonyesha maneno ya mwisho ya safari iliyopita. Soma mistari ya chini kabisa, utafute jina la draiva iliyokuwa inasemwa. Fungua mada yako na uyaweke pale, nitakuja.

SekretariaKasapa

Papa fundi, ekra ilikuwa kweli kwenye "Auto", na kulala kule kulikuwa kumewashwa. Nimebadili vyote viwili. Jana nimefunga kifuniko asubuhi, mchana, na jioni wakati stabilizatere inapiga. Imeamka kila mara.

Yule fundi aliyesema karti mama imekufa alikuwa ameniambia ataichukua kwa bei ya vipuri. Nawaandikia hivyo kwa ajili ya mama mwingine mwenye sekretaria ambaye atafika hapa akitafuta 159: soma mistari ya 41 kwanza, yote, na kalamu mkononi, kabla hujampa mtu mashini yako. Ondulere nitanunua msimu wa TFC ukiisha. Mtu anijulishe ya volti-ampea ngapi inatosha doki na ekra moja ya inchi 22.

Fundi_Kamalondo

Ya 650 inakutosha, mama. Ukinunua ya okazio, waambie waifungue mbele yako uone batri haijavimba.